Nihame au Nibaki? Neno kwa Mpendwa Anayewaza Kwenda Mjini

Hotuba iliyotolewa Kabingo, wilaya ya Isingiro, Uganda, mbele ya wapendwa wa matawi yote katika maadhimisho ya ushirika wetu. Andiko la msingi: Matendo ya Mitume, sura ya 18.

 

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, papa zetu, watumishi wa Mungu kutoka kila tawi, vijana, wanakwaya mliokesha mkiimba: karibuni Kabingo. Mliotoka Goma, Bukavu na Uvira, jambo. Mliotoka Bujumbura na Kigali, amahoro. Mliotoka Kigoma na Nairobi, hamjambo. Wenyeji wetu Wanyankole, mliotupokea na matoke yenu, agandi. Na wewe ambaye hukufika, utakayesoma maneno haya gazetini ukiwa mbali, nawe nakusalimu. Hesabu kwamba umekaa hapa hapa nasi, kwenye benchi la mbele.

Nimepewa somo ambalo halisemwi sana madhabahuni. Watu huliuliza nje, ibada ikiisha. Mtu anakuvuta pembeni chini ya mti na kusema, "Mtumishi, niombee. Nataka kwenda Mbarara kutafuta kazi." Mwingine anasema, "Kampala." Mama anasema, "Mume wangu anataka twende wote, mimi moyo unakataa." Tunawawekea mikono, tunasema amina, wanaondoka. Lakini swali lenyewe hatujalijibu. Nihame au nibaki?

Hapa Kabingo swali hili linapita barabarani kila siku. Nyuma yetu kuna Nakivale, mbele yetu kuna Mbarara. Ukikaa kando ya barabara asubuhi utaona taksi imefungwa godoro juu, sufuria zinagongana, mtoto amelala mapajani mwa mama. Hujui kama watu hao wanakwenda kwenye baraka au wanakwenda kwenye taabu. Mara nyingi hata wao hawajui.

Nina jambo moja tu la kusema leo. Ukisahau mengine yote, libebe hili: mpendwa asihame peke yake. Sisemi kwamba lazima uende na familia yote. Nasema kwamba uamuzi usiufanye peke yako, safari usiianze peke yako, na huko mjini usifike ukiwa peke yako. Sasa nifuate polepole.

KUTAKA KUONDOKA SI DHAMBI

Kwanza tuondoe lawama. Kuna watu wakisikia kijana anataka kwenda mjini, wanasema amepoa, anapenda dunia. Hapana jamani. Tuseme ukweli.

Nakivale si kambi ya jana. Ilianza kupokea ndugu zetu wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo wanaishi hapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, zaidi ya watu laki moja. Ardhi haijaongezeka. Familia inayofika leo haiwezi kupata shamba kama walilopata waliofika zamani. Na chakula? Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liligawa kaya za wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, kwa sababu fedha zilipungua. Waliohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea waliondolewa kwenye mgao. Wengi wa waliobaki wanapata kidogo kuliko zamani.

Sasa mwambie baba wa watoto wanne, fundi wa mbao, aliyetengeneza vitanda na makabati kule Bukavu, kwamba akae tu Rubondo alime kipande kidogo wakati mvua haijulikani itanyesha lini. Mwambie binti aliyesomea uuguzi kwamba kazi yake ni jembe. Mtu huyu akitazama upande wa Mbarara, hajamwacha Mungu. Anatazama watoto wake. Na Neno linasema nini juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake? Mnalijua.

Mbarara nayo inaita. Tangu tarehe 1 Julai 2020 imepandishwa kuwa jiji. Kuna chuo kikuu cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1989, kuna hospitali kubwa ya rufaa, viwanda vya maziwa, nyumba zinajengwa kila upande. Palipo na ujenzi, fundi anatafutwa. Hiyo si ndoto.

MLANGO TULIOPEWA

Wapendwa kutoka Tanzania mtanisaidia hapa. Ndugu zetu wa Nyarugusu hawawezi kutoka kambini wakaenda kutafuta kazi mjini. Na wale wa Kakuma na Dadaab, Kenya, mtu akitaka kusafiri huanza kutafuta kibali. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufanya biashara, na kutembea ndani ya nchi kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Tuwashukuru wenyeji wetu. Si nchi zote zinafanya hivyo.

Lakini elewa jambo hili. Pale mlango umefungwa, hakuna swali la kuamua. Mlango ukiwa wazi, mzigo wa kuamua ni wako. Sheria inasema unaweza kwenda. Haisemi kwamba ukienda utakula. Msaada wa chakula unatolewa kwenye makazi ya wakimbizi, hautakufuata kwenye chumba ulichopanga mjini. Ukihamia mjini unahesabiwa kuwa mtu anayejitegemea. Uhuru huu ni wa kweli, na una bei yake.

AKILA NA PRISILA

Fungua sasa Matendo ya Mitume sura ya 18. Wengi tunapafahamu kwa sababu ya Paulo. Leo tazama mume na mke ambao Paulo aliwakuta Korintho, Akila na Prisila.

Watu hawa walikuwa nani? Akila ni mtu wa Ponto, kule pwani ya Bahari Nyeusi. Alikuwa amekaa Italia. Halafu Kaisari Klaudio akatoa amri Wayahudi wote watoke Rumi, karibu mwaka 49. Unasikia hiyo? Amri ya serikali, watu wanafungasha, wanaondoka. Nani hapa hajui maana yake? Hawa ni wenzetu kabisa.

Wakafika Korintho, mji wa bandari, mji wa biashara, mji wenye sifa mbaya. Tazama walifika na vitu gani. Kwanza, walikuwa na kazi mkononi: walishona mahema. Hawakufika kuuliza, "Hapa kuna kazi gani?" Walifika na kazi ambayo mji unaihitaji. Pili, walikuwa wawili. Kila mahali Biblia inapowataja, inawataja pamoja, mume na mke. Tatu, nyumba yao ilikuwa na nafasi ya mtu wa Mungu. Paulo akafika hana kwao, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja.

Baadaye walihama tena kwenda Efeso. Baadaye tena tunawakuta Rumi, Paulo anawatumia salamu. Walihama miji, lakini Efeso na Rumi, kanisa lilikutana nyumbani kwao. Watu wengine wakihama, kanisa linapungua pale walipotoka na haliongezeki pale walipofika. Wanapotea katikati. Hawa walikuwa tofauti. Kwa nini? Kwa sababu hawakuhama peke yao.

KAA CHINI UHESABU

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huanza kwa kukaa chini na kuhesabu. Alisema akae chini, wapendwa. Hesabu ya kupigia hewani ukiwa umesimama njiani si hesabu. Chukua daftari la mtoto wa shule. Andika kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza: ninaacha nini? Andika kila kitu. Nyumba na kiwanja. Shamba na mazao yaliyomo. Mgao, kama bado unapata. Shule ya watoto. Majirani wanaokukopesha chumvi. Na jina lako kwenye orodha. Hili la orodha ninalikazia. Siku ya uhakiki watu wanaitwa kujionyesha. Ukiwa hupo, jina linaweza kusimamishwa, na kulirudisha ni safari ndefu. Kama una kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ofisi inakutafuta kwa simu na kwa anwani uliyoandikisha. Ukibadilisha laini ya simu bila kusema, unaweza kuitwa usisikie. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nenda kwenye ofisi ya OPM, uliza kwa mdomo wako, "Nikienda mjini, faili langu litakuwaje?" Usichukue jibu la mtu wa dukani.

Na neno jingine kwa upole. Usimwachie jirani kadi yako akuchukulie mgao huku wewe unaishi mjini. Najua inafanyika. Huo ni uongo mbele za Mungu, na siku ukijulikana unawaumiza watoto wako na jirani yako pia.

Ukurasa wa pili: mjini nitahitaji nini? Nitatoa namba za mfano, wewe weka zako baada ya kuuliza watu wanaoishi huko. Tuseme yule baba fundi wa mbao anakwenda Mbarara mwenyewe kwanza. Chumba kimoja, kile wenyeji wanachokiita muzigo, shilingi 100,000 kwa mwezi. Chakula 5,000 kwa siku, hiyo ni 150,000. Maji, mkaa na nauli ya boda, 60,000. Simu 10,000. Za kutuma nyumbani 100,000. Jumlisha. Ni 420,000. Sasa kazi aliyoahidiwa inalipa 300,000. Kila mwezi anapungukiwa 120,000. Mtu huyu akipanda taksi hajaifuata kazi, ameifuata madeni. Na wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi miwili au mitatu mbele. Hiyo inatoka wapi kabla ya mshahara wa kwanza?

Lakini hesabu inaweza pia kusema nenda. Fundi huyo huyo, kama karakana inamlipa 500,000, anabakiza 80,000 kila mwezi baada ya kutuma nyumbani. Hapo kuna kitu cha kushika. Imani haiogopi hesabu. Anayeogopa hesabu ni tamaa.

Ukurasa wa tatu: nina nini mkononi? Kazi gani unaijua kiasi kwamba mtu asiyekufahamu atakulipa? Vyeti viko wapi? Ndugu zangu Wakongo na Warundi, cheti cha sekondari cha nyumbani hakisomwi tu hapa kama kilivyo. Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vya nje. Vya chuo kikuu vinakwenda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Muuguzi lazima aandikishwe na baraza la wauguzi na wakunga. Fanya mambo haya ukiwa bado una mahali pa kulala bure. Usisubiri uwe unalipa kodi ndipo uanze kutafuta mihuri.

Na lugha. Kiswahili chetu kitakusaidia kati yetu. Mbarara sokoni watu wanasema Runyankore, ofisini Kiingereza, Kampala Kiganda. Mtu anayejua kusalimia agandi na kujibu ni marungi anafunguliwa mlango kuliko anayetoa macho. Anza kujifunza leo, kwa hawa wenyeji waliokaa karibu nawe.

NANI AAMUE

Hesabu imekwisha. Nani anasema ndiyo au hapana?

Mababa, nisikilizeni. Si wewe peke yako. Kuna baba anaamka asubuhi anamwambia mkewe, "Kesho naenda Kampala," kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Mama anabaki na watoto wanne, shamba, foleni ya maji, na wakwe. Mwezi wa kwanza simu inaita. Mwezi wa tatu inaita mara moja moja. Mwezi wa sita haipatikani. Na huko mjini kuna nyumba ya pili. Wapendwa, si tumewaona? Tumewazika wakina mama wenye presha kwa mambo hayo. Kama kuhama kunavunja ndoa, hiyo kazi si bora hata ikilipa milioni.

Kwa hiyo kaeni chini wawili, mkubaliane mambo manne, myaandike. Moja, nani anatangulia. Mbili, ni kiasi gani kitatumwa, tarehe ngapi, kwenye simu ya nani. Tatu, mtaonana baada ya muda gani. Nne, siku gani mtakaa tena kuamua: tuendelee, tuhamie wote, au urudi. Tuseme miezi mitatu. Weka tarehe. Bila tarehe, "nitajaribu kidogo" inakuwa miaka mitano.

Na mama akisema moyo wake unakataa, usimwambie hana imani. Muulize moyo unakataa kitu gani. Mara nyingi mama ameona shimo ambalo wewe hujaliona. Mara nyingine ana hofu tu, na hofu ikisemwa inapungua. Vyote viwili vinahitaji uketi usikilize. Na watoto wakubwa wasikilizwe. Mtoto aliyebakiza mwaka mmoja wa mtihani, kumhamisha katikati ni kumrudisha nyuma.

Yakobo alipokuwa akienda Misri kumwona Yusufu, njaa ilikuwepo, magari ya Farao yalikuwepo, mwaliko ulikuwepo. Hata hivyo alipofika Beer-sheba alisimama kwanza, akatoa sadaka, Mungu akasema naye usiku. Soma Mwanzo 46. Kila kitu kilikuwa kimeshasema nenda, na bado mzee alisimama. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na hapa niseme neno gumu. Kuna watu wanauza safari kwa jina la Bwana. Anakuambia, "Naona mlango Kampala, Mungu amesema uende ndani ya siku saba, leta mbegu ya shilingi kadhaa." Mpendwa, Mungu anasema, sikatai. Sisi ni watu wa Roho. Lakini Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba unabii hupimwa na wengine. Unabii unaokataa kupimwa, unaokukataza kumwambia mkeo au mchungaji wako, unaotaka pesa kwanza, uache hapo ulipousikia.

KUBAKI NAKO NI WITO

Sasa wewe uliyehesabu ukaona hapana. Usione haya.

Rudi sura ya 18. Paulo alikuwa Korintho, anapingwa, anaogopa. Bwana akamwambia usiku asiogope, aseme, maana ana watu wengi katika mji ule. Akabaki mwaka mmoja na miezi sita. Mtu wa safari kama Paulo! Sura hiyo hiyo ina watu wanaohama na mtu anayeambiwa akae. Roho ni mmoja.

Tena si lazima uchague kati ya kulala Mbarara na kukaa mikono mitupu. Kuna njia ya katikati ambayo wengi wenu mnaitembea. Unanunua nguo au sabuni kwa jumla Mbarara, unarudi kuuza Base Camp jioni. Unatengeneza simu, unashona sare za shule, unasaga mahindi, unakusanya maharage ya majirani na kupeleka kwenye bei nzuri. Yule fundi wa mbao anaweza kuchukua oda mjini na kutengenezea nyumbani. Mji unalipa, watoto wanalala na baba yao. Kabla ya kuuhama mji wako, jaribu kwanza kufanya kazi na ule mji mwingine.

NENO KWA WACHUNGAJI

Watumishi wenzangu, sasa zamu yetu.

Tuna makosa mawili. La kwanza ni kumshikilia mtu. Kijana anapiga kinanda vizuri, anataka kwenda kusoma au kufanya kazi, sisi tunamtafutia mistari ya kumzuia. Tunaogopa kwaya itakufa. Tunaogopa zaka itapungua. Tuseme wazi, hiyo si kumchunga kondoo, ni kumfunga kamba. La pili ni kumwachia tu. Tunamwombea Jumapili, Jumatatu anaondoka, Jumanne tumemsahau. Anafika paki ya taksi Mbarara jioni, hana mtu hata mmoja.

Tazama tena sura ya 18, mwisho wake. Apolo alitaka kuvuka kwenda Akaya. Ndugu walifanya nini? Walimtia moyo, wakawaandikia wanafunzi wa kule wampokee. Barua! Kanisa linalotuma likaandika, kanisa linalopokea likasoma, likafungua mlango. Huo ndio ushirika. Na sisi tunajiita ushirika wa nchi nyingi. Tuna matawi kila upande wa mpaka. Kama mtu wetu anaweza kutoka tawi moja na kufika mji wenye tawi jingine na bado akalala nje, tunasherehekea nini leo?

Naomba kila tawi lianze mambo matatu, hayana gharama kubwa. Kwanza, barua. Mtu anayehama apewe barua ya kweli: jina, kazi anayoijua, tabia yake, huduma yake. Ya kweli, jamani. Usimsifu mvivu ili umwondoe kwako. Pili, simu. Mchungaji anayetuma ampigie anayepokea kabla mtu hajapanda gari, na ampigie tena baada ya wiki mbili kuuliza, "Mtoto wetu yupo?" Tatu, wiki mbili za kulala. Tawi la mjini liwe na nyumba moja au mbili zinazoweza kumpokea mgeni kwa siku kumi na nne, kwa masharti yanayojulikana, ili asilazimike kukubali kazi yoyote na chumba chochote siku ya kwanza.

Hili ni muhimu mara mbili kwa mabinti. Binti anaahidiwa kazi ya nyumbani mjini na mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Binti asipokelewe stendi na mtu asiyejulikana na kanisa wala na familia. Na akiahidiwa kazi Uarabuni, kampuni iulizwe kama ina leseni ya Wizara inayohusika na kazi, mkataba usomwe na mtu anayeelewa kabla ya kutia sahihi, na nakala ya pasipoti na mkataba ibaki kwa wazazi. Wako waliokwenda wakafanikiwa, tunamshukuru Mungu. Wako waliofungiwa ndani, wakanyang'anywa pasipoti. Kuuliza si kukosa imani.

KWA ALIYERUDI

Namaliza. Kuna mtu mmoja ambaye hatumsemi. Ni yule aliyekwenda na akarudi.

Alihesabu, akaomba, akaenda, na mambo hayakuwa. Karakana ilifungwa. Mwenye kazi hakulipa. Aliugua. Akarudi na begi lile lile. Je, tulimpokea namna gani? Wengine walimwimbia pembeni, "Tulisema." Ndiyo maana wako wapendwa wetu wanaokaa Kampala wakiwa na njaa, hawarudi, hawapigi simu, kwa sababu wanaogopa midomo yetu kuliko njaa. Kanisa ambalo mtu hawezi kulirudia halijamtuma, limemfukuza.

Kwa hiyo tukubaliane leo, Kabingo, mbele za Mungu. Aliyerudi tumpokee kama tulivyomsindikiza. Apewe kiti, apewe chakula, apewe muda. Maswali baadaye. Akila na Prisila nao walirudi Rumi, mji uliokuwa umewafukuza, na hakuna mahali Biblia inasema walishindwa.

Wewe unayekwenda: nenda na kazi mkononi, nenda na ndiyo ya nyumba yako, nenda na barua, na ukifika fungua nyumba yako kwa ajili ya ibada hata kama ni chumba kimoja. Wewe unayebaki: baki kwa moyo wote, usibaki ukiangalia barabara. Wewe unayerudi: karibu nyumbani.

Tusimame tuombe. Bwana, uliyetembea na baba zetu waliotoka Rwanda, Kongo na Burundi bila kujua kesho, tembea na hawa wanaopanga kesho. Mwenye haraka mpe kusimama. Mwenye hofu mpe hatua. Wachungaji utupe mikono inayoachilia na milango inayofunguka. Wake na waume uwape kuketi pamoja na kusema ukweli. Na asiwepo hata mmoja wetu atakayefika mji mgeni jioni, akatazama kulia na kushoto, asione ndugu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.